Kipupwe ki Ufukoni: Dhidi ya Ushairi wa Kalenda

Mwaka jana nilimpelekea mhariri mmoja ubeti na picha. Jarida lake silitaji, kwa kuwa ugomvi wangu si naye peke yake. Ni ugomvi na tabia iliyotuenea sote. Picha niliipiga kwa simu yangu ya mkononi mwezi Julai, katika mwalo mmoja wa Ziwa Tanganyika karibu na mji wa Kigoma, nilikoteremka kutoka nyumbani Kasulu kwa shughuli za kifamilia. Ilikuwa asubuhi. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, nyavu zimekunjwa, na mzee mmoja aliyejifunika blanketi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akiziba matundu ya wavu wake. Ubeti wenyewe ni huu:

Kipupwe ki ufukoni, mitumbwi imejipanga,
Ukungu uko majini, milima imejitenga,
Mzee kaketi chini, nyavu zake anaunga,
Nani atasema nini, mshairi akifunga?

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, nalo lilikuwa la adabu. Niliambiwa kwamba vina na mizani vimekaa sawa. Niliombwa, hata hivyo, nilibadilishe neno "kipupwe", kwa sababu msomaji atadhani nazungumzia Ulaya. Kisha nikaarifiwa kwamba picha ni ya huzuni mno, na kwamba nimetafutiwa nyingine. Nilipoifungua hiyo nyingine nikaona mnazi ulioinama, mchanga mweupe kama chumvi, na maji ya buluu yasiyo na hata chombo kimoja. Ndugu msomaji, Kigoma ni nchi ya michikichi. Mnazi ule sikujua umetoka wapi, wala mchanga ule sikuutambua.

Niliuondoa ubeti wangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni nani aliyetuamuru kwamba ufuko wa Kiswahili sharti uwe na jua?

Nisieleweke vibaya. Sina uadui na jua. Lakini nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, na katika miaka hiyo nimesahihisha maelfu ya insha na mamia ya mashairi. Naweza kukiri bila kusita kwamba mwanafunzi wa Kibondo ambaye hajapata kuiona bahari huandika "mawimbi ya pwani yenye kuvutia chini ya jua la dhahabu" kwa wepesi kuliko anavyoandika juu ya baridi iliyomtetemesha njiani asubuhi ile ile akija shuleni. Jua la dhahabu amelipata wapi? Amelipata kwenye kalenda iliyotundikwa dukani, kwenye kava la daftari, na siku hizi kwenye simu. Huo ndio ninaouita ushairi wa kalenda: ushairi unaotazama picha ya biashara ya utalii ukidhani umetazama nchi.

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo penye jeraha.

Mhariri wangu aliogopa kwamba "kipupwe" ni neno la Ulaya. Laiti angelifungua kamusi yoyote ya Kiswahili iliyo karibu naye! Kipupwe ni majira ya baridi ya kwetu, takriban kuanzia Juni hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unapovuma. Ni neno la watu wa mwambao waliokuwa wakizijua nyakati zao kwa pepo: kaskazi na kusi, matlai ya alfajiri, umande utokao bara, na maleleji ya katikati pepo zinapogeukiana. Kwa karne nyingi hakuna nahodha aliyeweza kuishi bila maneno hayo. Ni walimu wa zama zangu, na nafsi yangu ikiwemo, waliolichukua neno hilo na kulivika koti la theluji. Tulipotafsiri vitabu vya Waingereza tulihitaji majina manne ya majira yao. Tukachukua kiangazi, vuli, kipupwe na masika, tukayagawa kama nguo za mitumba, bila kuuliza kama yanawatosha waliovalishwa. Masika yetu ya mvua kubwa yakawa majira yao ya maua. Vuli yetu ya mvua ndogo ikawa majira yao ya majani kupukutika. Matokeo yake ndiyo haya: mtoto wa Kitanzania akisikia "kipupwe" huona theluji, na mhariri wa Kitanzania akilikuta neno lake mwenyewe hulidhania mgeni.

Mimi nilifundisha hivyo kwa miaka mingi. Niliandika ubaoni, nikawaamuru watoto wanakili. Siku moja, darasani huko Kibondo, kijana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mbona kiangazi ndicho chenye baridi?" Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao. Sasa najua kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwalimu siku ile. Katika nyanda za juu za Kigoma mvua huanza mnamo Oktoba na kuendelea hadi Mei, pengine ikipumzika kidogo katikati. Hatuna vuli na masika kama wanavyojua watu wa Tanga. Mvua ikikatika ndipo kiangazi huingia, na Juni na Julai za kiangazi hicho ndizo zenye asubuhi za kutoa moshi mdomoni, watoto wakienda shule wamekunja mikono ndani ya masweta. Kijana alikuwa akisema kweli tupu: kwetu kiangazi ni ukavu, joto silo linalokifafanua. Kitabu kilisema "joto", mwili wake ukasema "baridi", nami nikasimama upande wa kitabu.

Sasa, nini kinachohusu picha?

Picha na ubeti ni ndugu wa kunyonya ziwa moja. Vyote viwili huchagua: hiki kiingie, kile kibaki nje. Anayepiga picha ufuko siku ya jua pekee, mwaka baada ya mwaka, anaikata miezi mingine katika kumbukumbu ya watu. Na kitu kisichopigwa picha wala kutungiwa hupotelewa na maneno yake. Angalieni neno "pwani". Linatokana na kupwa, yaani maji yanapotoka na kuuacha mchanga wazi. Neno lenyewe lina mwendo ndani yake: maji yamepwa, maji yatajaa. Leo wengi hulitumia kama jina la mahali pa kutandaza taulo. Angalieni "mwalo", neno la maziwa yetu kwa mahali vyombo vya uvuvi vinapotia nanga na samaki wanaposhushwa. Ni neno zuri, fupi, linaloishi katika vinywa vya wavuvi na katika nyaraka za maofisa wa uvuvi. Je, ni mashairi mangapi mmeyasoma yenye neno "mwalo"? Mimi nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini "fukwe zinazong'ara" tunazo hata za kugawa.

Ufuko wa miezi ya baridi una kazi zake na msamiati wake. Huko mwambao, katika enzi za majahazi ya tanga, kusi kilipochacha bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa. Vyombo vilipandishwa, mafundi wakapiga kalafati kwa kusukuma pamba ndani ya maungo ya mbao, mbavu zikapakwa deheni ili mnyoo wa bahari asizitoboe. Nani hasikii utajiri wa lugha katika sentensi hiyo moja? Ni utajiri wa ufuko usio na mgeni wa hoteli, ufuko wa kusubiri na wa kutengeneza.

Huku kwetu ziwani mambo yana sura hiyo hiyo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Tazameni tarehe hizo: ndiyo miezi yenyewe ya baridi. Ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina cha mita zipatazo 1,470, ambalo usiku usio na mbalamwezi huwaka taa za wavuvi wa dagaa kama mji uliojengwa juu ya maji, likawa giza. Chanja za kuanikia dagaa zikakaa tupu. Wanawake waliokuwa wakichuuza dagaa na migebuka wakatafuta riziki nyingine. Mimi sisemi kufungwa huko ni kosa. Wajuzi wa samaki wana hoja zao, na mvuvi asiyewaacha samaki wazae anajichimbia kaburi. Nauliza tu: ni mshairi gani aliyeteremka mwaloni kuuona ukimya huo? Ni mpiga picha gani aliyeihesabu mitumbwi iliyolala? Tukio la kuliacha ziwa zima bila taa limepita mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tukitafuta vina vya "mnazi".

Na kuna jambo jingine ambalo waliopanda juu hadi Kasulu au waliokaa Kigoma wanalijua. Katika miezi ya ukavu, moshi wa mbuga zinazochomwa na vumbi la nchi huchanganyika na ukungu, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa hutoweka. Unasimama ufukoni huoni ng'ambo. Maji na mbingu ni kitu kimoja cha rangi ya majivu. Mvua za kwanza zikinyesha, hewa huoshwa, na asubuhi moja milima ile huonekana karibu kana kwamba imehamia usiku. Ndiyo maana niliandika "milima imejitenga". Mhariri wangu aliiona rangi ya majivu katika picha akadhani ni kasoro ya simu.

Hapa patatokea mtu kuniambia: "Mwalimu, umekula chumvi nyingi, unapenda huzuni." Wengine watasema picha ya baridi haiuzi. Nitawajibu kwa mfano wa ng'ambo, tena kwa makusudi, maana ng'ambo ndiko tulikoazima hiyo kalenda.

Uingereza ina bahari baridi. Miji yake ya ufukoni kama Margate, Blackpool na Brighton ilijengwa kwa ajili ya wiki chache za mapumziko ya kiangazi chao. Lakini wapiga picha wao hawaondoki ufukoni wageni wanapoondoka. Wanakwenda Novemba, wanakwenda Februari; wanapiga picha vibanda vilivyofungwa, viti vilivyorundikwa, mvua inayopiga ukuta wa bahari, mtu mmoja na mbwa wake. Gati la magharibi la Brighton lilifungwa mwaka 1975, likaungua mwaka 2003, likabaki mifupa ya chuma ndani ya maji. Na mifupa hiyo imepigwa picha mara zisizohesabika, hasa katika miezi ya baridi ambapo makundi ya kwezi huzunguka juu yake jioni. Watu hao hawaionei haya baridi yao. Wameifanya kuwa sehemu ya kujijua. Sisi tumeazima kwao picha ya jua, ambayo wao huijia kwetu kwa sababu kwao ni haba, tukaacha kuazima lililo bora zaidi: ujasiri wa kuutazama ufuko wako mwenyewe siku usiyopendeza.

Tena wa kwanza kutufundisha hilo kwa kalamu ni mtu wa kwetu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, aliandika riwaya iitwayo By the Sea, iliyotoka mwaka 2001. Mhusika wake ni mzee wa Kizanzibari aliyekimbilia Uingereza akaishia katika mji mdogo wa kando ya bahari. Mzee huyo amezaliwa kando ya bahari moja na anazeekea kando ya nyingine, yenye baridi. Na katika baridi hiyo ndipo anaposimulia habari zake za kale. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza. Riwaya yake nyingine, Paradise, tumeipata kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa juhudi za Ida Hadjivayanis, mwaka 2022. Nawauliza watafsiri wenzangu: siku mtakapoileta By the Sea katika Kiswahili, mtayapata wapi maneno ya ufuko wa baridi, ikiwa wahariri wetu wanayafuta moja moja?

Patatokea pia mtu wa mwambao kuniambia: "Wewe Muha wa milimani, kusi na kipupwe umevijulia wapi? Tuachie wenyewe." Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa ina chembe ya ukweli, sikulelewa katika ngarawa. Lakini Kiswahili kilipanda kutoka pwani hadi Ujiji kwa miguu ya misafara kabla babu yangu hajazaliwa, na tangu hapo hakijateremka. Ujiji ni mji wa Kiswahili ulio umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari ya chumvi. Lugha ikikubali kupanda milima, sharti ikubali na baridi ya milimani. Nami simnyang'anyi mtu wa Pemba kipupwe chake. Namwomba anifundishe jinsi anavyokisema, nami nimweleze jinsi kinavyouma Heru Juu.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ni zito kuliko yote.

Kuna wakati mmoja dunia iliuona ufuko wetu bila mnazi. Ilikuwa Mei 2015. Maelfu kwa maelfu ya watu waliokimbia Burundi walirundikana Kagunga, kijiji cha mpakani chenye ufuko mwembamba kati ya ziwa na mlima. Kipindupindu kikawaingilia. Meli ya Liemba, chombo cha Wajerumani kilichounganishwa Kigoma karne moja nyuma, kikazamishwa katika Vita vya Kwanza na kuibuliwa tena, ilikwenda na kurudi ikiwapeleka Kigoma, na kutoka hapo wengi wakapandishwa kwetu Kasulu, kambini Nyarugusu. Picha za ufuko ule zilizunguka ulimwengu mzima. Sizilaumu, zilileta dawa na mahema. Lakini tazameni tulivyobaki: ufuko wetu unajulikana kwa picha mbili tu, ya starehe na ya maafa. Katikati ya hizo mbili kuna ufuko wa kila siku, wa mzee mwenye blanketi na wavu, ambaye si mtalii wala si mkimbizi. Huyo hana picha. Na asiye na picha wala ubeti huanza kuonekana kama hayupo. Na asiyekuwapo hakumbukwi mipango inapopangwa, kama ni ya kufunga ziwa au ya kulifungua.

Ndiyo maana nakataa neno "huzuni" lililotumiwa na mhariri wangu. Mzee yule hakuwa na huzuni. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee", akaniitikia, akanionyesha tundu la wavu akaniambia kwamba wavu usiounganishwa wakati ziwa limelala hautamfaa ziwa likiamka. Alikuwa kazini. Aliyeona huzuni ni yule aliyezoea kwamba ufuko usio na jua ni ufuko ulioharibika.

Basi nawaomba mambo matatu, washairi wenzangu, na hasa nyinyi vijana mnaotembea na kamera mfukoni.

La kwanza, teremkeni ufukoni katika miezi ya baridi: wa Tanga, Lamu na Unguja wakati wa kusi, wa Kigoma, Bukoba na Mwanza wakati wa ukavu. Pigeni picha mnachokiona, si mnachokumbuka kutoka kwenye kalenda.

La pili, kila picha iandamane na neno. Muulizeni mvuvi upepo huu unaitwaje, kamba hii inaitwaje, mahali hapa panaitwaje. Andikeni kama alivyotamka, pamoja na jina la mwalo. Wazee wanaojua majina ya pepo wanapungua kila mwaka, na kifaa cha utabiri wa hali ya hewa ndani ya simu hakijui lolote kati ya hayo. Chenyewe kinajua "upepo" tu, na kasi yake.

La tatu nawaambia wahariri. Mkiletewa neno msilolijua, fungueni kamusi kabla ya kufungua wino mwekundu. Na mkiletewa picha ya kijivu, ulizeni kwanza ilipigwa mwezi gani.

Ubeti wangu mmeusoma hapo juu kama nilivyouandika, kipupwe kikiwa mahali pake. Picha yake ninayo. Julai ijayo, Mungu akinijalia uzima, nitateremka tena. Na safari hii nitamuuliza mzee yule jina la upepo.